Serikali Ilipoposa Lugha ya Kompyuta

Ilikuwepo nchi moja, na kabla hujanikata jicho, si hii yetu. Yetu mambo yake yamenyooka, na walioketi karibu na dirisha wamenisikia nikisema hivyo. Nchi hiyo iko mbali, watu wake ni wengine kabisa, na mawaziri wake hawafanani na yeyote unayemfahamu, hata kwa kitambi.

Basi nchi hiyo ilikuwa na mila moja iliyoienzi kuliko wimbo wa taifa. Serikali haikuchukua kitu kipya mpaka iwe imekiposa. Mababu walisema kinachoingia ndani bila washenga kitatoka bila kuaga, na wajukuu wakaona maneno hayo yanafaa hata kwa matrekta. Walipotaka daraja, washenga walipelekwa ng'ambo kuulizia ukoo wa daraja, kama kwao hakuna maradhi ya kuanguka. Daraja lenyewe halijafika mpaka leo, kwa sababu mjomba wake alirukwa kwenye salamu akasusa. Taa za barabarani zilifika, zikawekwa ndani kwanza zikafundwa na makungwi wa Wizara ya Ujenzi, na zilipotolewa nje zote ziliwaka nyekundu kwa haya. Siku ya kwanza watu walicheka. Baadaye walizoea kupita kwenye nyekundu.

Katika nchi hiyo aliishi mhandisi wa programu aliyeitwa Sikitu Mwandambo, mwajiriwa wa Idara ya Mifumo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa kucheka, mgumu wa kulala akiwa na jambo moyoni. Na jambo alikuwa nalo. Mdogo wake Tausi, nduguye pekee aliyebaki duniani, alikuwa mjamzito.

Wewe utasema, ujauzito ni heri. Ni heri kwa wengine. Mimba ya kwanza ya Tausi ilimtoa damu mpaka midomo ikawa myeupe, na mtoto hakukaa. Kundi la damu yake ni O hasi, ambalo halipatikani ovyo. Siku ile mumewe, Sudi, alikimbia hospitali moja hadi nyingine kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea, akiuliza madirishani, akifukuzwa, akirudi. Damu ilikuja kupatikana Hospitali ya Kilimani, nayo Kilimani inatazamana na Hospitali ya Bondeni alikokuwa amelazwa Tausi. Muuguzi wa huku angeweza kumpungia mkono muuguzi wa kule. Walichokosa ni kuambiana kilichomo kwenye majokofu yao.

Sikitu alilia siku ile, kisha akakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki. Akaketi akaandika programu. Ilikuwa programu ndogo tu. Kila hospitali inaingiza chupa za damu ilizo nazo, na hospitali yoyote inayotafuta inaziona papo hapo. Aliiandika kwa lugha iitwayo Chiriku.

Hapa nikueleze, maana si wote tuliokaa ofisini. Kompyuta huambiwa la kufanya kwa lugha za programu, na lugha hizo ni nyingi. Kuchagua mojawapo ni kama kuchagua paa. Kuna makuti, kuna bati, kuna vigae. Fundi akiezeka vizuri huvujiwi, na mvua haina habari umeezekea nini.

Programu ile ilijaribiwa Bondeni na Kilimani. Sista Mbuke, mkuu wa wodi ya wazazi pale Bondeni, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha waliozimia, aliitumia wiki ya kwanza akampigia Sikitu simu. "Wewe mtoto, Mungu akuweke," alisema. "Leo nimepata damu kabla chai yangu haijapoa." Tausi aliposhika mimba ya pili, Sikitu alimwambia safari hii aende akajifungue bila hofu.

Ndipo alipofanya kosa la kumwonyesha mkubwa wake.

Mkubwa wake alikuwa Profesa Ndarugo, Mkurugenzi wa Mifumo na Mshenga Mkuu wa Taifa. Alikuwa na ndevu za kuchana na alikohoa kabla ya kila neno zito, yaani alikohoa sana. Alitazama ile programu ikitafuta damu, ikapata, ikaonyesha. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza, "Umeiandika kwa lugha gani, binti yangu?"

"Chiriku, Profesa."

"Chiriku. Wa kwa nani huyo?"

"Si ya mtu mmoja, Profesa. Imetungwa na watu wengi kwa kushirikiana."

"Baba wengi," alisema Profesa polepole. Aliinuka akafunga mlango. "Na Serikali ilimposa lini?"

"Haijaiposa. Lakini inafanya kazi, si umeona mwenyewe? Bondeni wameshaokoa..."

"Mwanangu, sikukuuliza kama anafanya kazi. Watoto wa nje wengi wana nguvu, wanabeba hata magunia. Lakini hawarithi." Akakohoa. "Umeiingiza Serikali nyumba moja na lugha ambayo hata baba yake hatumjui. Wazee wakisikia, mimi nitaweka wapi sura yangu?"

Kabla ya mchana programu ilikuwa imezimwa. Mashine iliyoiendesha ikapelekwa stoo, ikawekwa kati ya mafagio na picha za mawaziri waliofukuzwa. Sista Mbuke alipiga simu tena, na safari hii hakumwombea Sikitu dua. "Hata hicho kidogo mmekiona kikubwa?" aliuliza.

Sikitu alijua jambo moja tu, kwamba ili Bondeni na Kilimani zionane tena, lazima lugha fulani iposwe, iolewe, na iwe kabla ya siku ya Tausi kufika. Akameza hasira akaomba kuingia Kamati ya Washenga. Walimkubali, wakampa kazi ya kubeba sinia la halua.

Washenga walisafiri wakiwa na kanzu, makoti, udi, na mpiga zumari wa Taifa. Hawakuanzia kwa Chiriku, kwa sababu kuposa mlango mmoja ni ishara ya njaa. Walizizungukia kwanza lugha nyingine. Moja ilikuwa ajuza iliyokwisha kuzika mabenki, yenye adabu na cheo chake, na Profesa aliipenda sana, ila mafundi wake wote walikuwa wamestaafu na wengine walikuwa wanapumulia mipira. Nyingine ilikuwa changa mno, kila wakirudi wanaikuta imebadilisha sura. Kila mji walilala hoteli nzuri, kwa sababu mshenga hatakiwi kuonekana amechoka mbele ya wakwe.

Tausi alikuwa akipiga simu. "Dada, mmefika wapi?"

"Bado tuko kwa mashangazi," Sikitu alijibu. "Tumbo je?"

"Linaonekana sasa. Sudi anaongea nalo kama redio."

Walifika kwa Chiriku siku ya mawingu. Aliyeianzisha lugha hiyo alikuwa mzee mrefu aliyevaa kaptura, na walimkuta uani akipalilia kabichi. Zumari lililia. Udi ukafukizwa, mbwa wake akapiga chafya. Profesa akasogea, akakohoa kwa muda wa kutosha, akasema yale maneno ya mababu: kwamba wamepita njiani wakaona ua, kwamba ua hilo limo katika bustani ya mzee, na kwamba huko watokako kuna chungu kinachongoja mfiniko. Sikitu akatafsiri yote, pamoja na chungu.

Mzee wa kaptura alijifuta mikono. "Chiriku? Ichukueni tu," alisema. "Ni bure. Wote mnaweza kuitumia. Mkiona kasoro mahali, rekebisheni, mtuambie na sisi."

Sikitu alitafsiri kwa furaha, akidhani kazi imekwisha. Alipogeuka aliwaona washenga wamekunja nyuso kana kwamba wametemewa mate.

"Mwulize tena," Profesa alinong'ona. "Pengine hajaelewa. Mwulize mahari."

Sikitu akauliza. Mzee akacheka, akasema hakuna mahari, na kama wana nafasi anaweza kuwachemshia chai.

Hakuna aliyeinywa. Ndani ya ndege baraza lilikaa. "Binti anayetolewa bure ana lake jambo," alisema mmoja. "Huenda ana kifafa," alisema wa pili. "Huenda ameolewa na majini," alisema wa tatu, na wote wakakubali kwamba ni majini.

"Profesa," Sikitu alisema, "nchi nyingi zinaitumia."

"Ndiyo maana," alijibu Profesa, akavuta blanketi akalala.

Lugha waliyoipata mwisho iliitwa Sultana. Ilikaa katika jumba la vioo, na baba yake alikuwa bwana wa suti aliyewakaribisha bila kusimama, jambo lililowapendeza sana. Alijua mila zao kuliko wao wenyewe, maana alikuwa ameshaoza mabinti katika nchi nyingi za aina ile. Alitaka mahari, na zaidi ya mahari kilemba cha baba, mkaja wa mama, na ufito wa mlinzi wa mlangoni. Kila muuguzi atakayemtazama Sultana usoni atatoa kipamkono, yaani ada ya kutazama. Kila mwaka harusi ifanywe upya na mahari yatolewe upya. Binti hapiki, hafui, wala hakai katika kompyuta zile kuukuu za hospitali. Ajengewe chumba chake chenye ubaridi.

"Na mafundi wanaomjua wako wapi?" aliuliza Sikitu. "Kwetu hakuna hata mmoja."

"Tutawapa makungwi wetu," alisema bwana wa suti. "Watalala hotelini."

"Na tukishindwana? Talaka inakuwaje?"

Bwana yule alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Binti yetu haachiki," alisema.

Washenga wawili walitoa leso wakalia kwa furaha. Walisema kwa maisha yao yote walikuwa wakiitafuta ndoa ya namna hiyo. Sikitu naye alitaka kulia, na hakuwa peke yake ndege nzima mwenye macho mekundu waliporudi, ila wengine walikuwa wamekunywa.

Nyumbani, harusi ikaanza kupikwa. Mheshimiwa Mazimbwe, Waziri wa Maendeleo Mapya, aliteuliwa kuwa bwana harusi kwa niaba ya Taifa, na mkewe alikuwa na la kusema juu ya hilo lakini hakuulizwa. Mabango yalipanda kila mtaa: TUMEOA MAENDELEO. Khanga za rangi mbili zilichapwa na kugawiwa zikiwa na maneno hayohayo. Hospitali zikaamriwa ziache mara moja kuulizana damu kwa simu, kwa kuwa mwenye mke ndani haendi kula kwa jirani. Kila hospitali ikapelekewa skrini mpya iliyofunikwa shela nyeupe, na askari wa kuilinda, ili asiwepo atakayemwona bibi harusi kabla ya bwana harusi.

"Kwa hiyo sasa siruhusiwi kupiga simu, na siruhusiwi kufunua," Sista Mbuke alimwambia Sikitu. "Niruhusiwe nini? Kuroga?"

Wiki ya harusi Profesa Ndarugo alimwita Sikitu ofisini. Alikuwa hana furaha. Alizunguka meza, akachana ndevu kwa vidole, akafunga mlango.

"Binti yangu," alisema, "ile ya nje bado inapumua?"

Sikitu akaelewa. Makungwi wa Sultana walikuwa hotelini tangu mwezi uliopita na hawajaandika hata mstari mmoja. Kila wakiulizwa walijibu kwamba bibi harusi bado anasingwa liwa. Skrini zilikuwepo, mabango yalikuwepo, bwana harusi alikwisha kushonewa joho. Mfumo ndio haukuwepo.

"Unataka Chiriku akae nyuma ya pazia," alisema Sikitu, "watu wadhani ni Sultana."

"Siku ya harusi, mtoto wa nje ndiye anayetumwa dukani. Si ajabu hiyo."

"Na baada ya harusi?"

"Shela ikishafunuliwa, ataachwa aendelee mpaka Sultana awe tayari. Hospitali zote. Neno langu."

Angekataa, unasema. Ni rahisi kwako na kwangu tuliokaa hapa tukibangua korosho. Tausi alikuwa anajifungua wiki ileile. Sikitu alikwenda stoo, akapangusa vumbi kwenye mashine yake, akaiwasha, na ilipowaka aliishika kwa mikono miwili kama anayepokea mgeni aliyetoka safari.

Asubuhi ya harusi, akiwa kwenye geti la Ukumbi wa Taifa, simu yake iliita.

"Dada, naona uchungu umeanza," alisema Tausi. Sauti yake ilikuwa na kicheko cha woga. "Usije ukaacha harusi ya watu kwa ajili yangu. Sudi ananipeleka Bondeni."

"Nenda, mama. Leo hiihii mfumo unawaka. Nikitoka humu nakuja moja kwa moja, nikukute na mtoto."

"Umesema?"

"Nimesema."

Kisha askari alinyoosha kikapu, na simu ya Sikitu ikalala humo pamoja na simu za wageni wote. Bibi harusi asije akapigwa picha kabla ya wakati.

Nyuma ya pazia aliikuta mashine yake ikiwaka tangu usiku. Hospitali zilikuwa zimeamriwa kuingiza chupa zao alfajiri ile kwa kompyuta zao kuukuu, bila kuona za wenzao, kwa ajili ya maonyesho, na kweli zilikuwa zimeingiza. Sikitu alitafuta O hasi. Bondeni, hakuna. Kilimani, ipo. Alisoma tena kuhakikisha. Ipo, na inatosha. Akasema Alhamdulillahi kwa sauti, ingawa kwao walikuwa Wakristo.

Alitaka kumwambia Tausi. Akaenda kwa askari. "Kaka, nipe simu yangu dakika moja tu, mdogo wangu anajifungua."

"Hongera sana," alisema askari. "Harusini hakuna simu."

Akamfuata Profesa Ndarugo, aliyekuwa akinyooshewa kilemba. "Profesa, nakuomba kwa heshima zote. Ruhusu shela za hospitali zifunuliwe sasa. Mdogo wangu yuko Bondeni, damu yake iko Kilimani, na Bondeni hawajui."

"Ameshaanza kutoka damu?"

"Sijui! Simu yangu iko kwenye kikapu!"

"Basi tusimtabirie mabaya," alisema Profesa, tena kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya na hilo ndilo linaloudhi. "Bwana harusi hatanguliwi, mwanangu. Ukifunua kabla yake, harusi imevunjika, na hiyo mashine yako itarudi stoo moja kwa moja. Mheshimiwa anafika saa nne. Vumilia."

Sikitu alirudi nyuma ya pazia akavumilia. Saa nne ilipita. Bwana harusi alikuwa akizungushwa mjini katika gari la wazi, na barabara zote zilifungwa kumpisha, ikiwemo ile inayotenganisha Bondeni na Kilimani. Wananchi walisimama pembeni wakipunga. Katikati yao, hili lilijulikana baadaye, alikuwemo kijana mmoja mwenye shati lililolowa jasho akiwasihi askari wamvushe, akisema mke wake anatoka damu, na askari wakamwambia apunge kama wenzake. Huyo alikuwa Sudi.

Mheshimiwa Mazimbwe aliingia ukumbini jua likiwa utosini. Vigelegele vikapigwa na akina mama wa Idara ya Vigelegele. Akahutubia. Alisema nchi nyingine huziokota lugha majalalani, lakini wao wametoa mahari. Alisema vizazi vijavyo vitauliza, je, babu zetu waliandika programu? Navyo vitajibiwa, hapana, waliioa. Akasema mengi kuhusu damu, kwamba damu ni nzito kuliko maji, na kwamba damu ya Serikali ni nzito kuliko zote. Nyuma ya pazia Sikitu alikuwa ameng'ata khanga aliyopewa mlangoni, na macho yake hayakutoka kwenye lile neno la Kilimani. Bado lilisema ipo.

Hatimaye Waziri alishika shela kwa vidole viwili akaifunua. Skrini ikang'aa. Watu wakasimama.

"Tujaribu mbele ya mashahidi!" alisema Waziri, jasho la furaha likimtoka. "Nipeni hospitali. Yoyote, ya karibu!"

Wakapiga Bondeni, kwa kuwa ndiyo ya karibu, wakaiweka sauti kwenye vipaza sauti vya ukumbi.

"Bondeni, wodi ya wazazi," ilisema sauti ya Sista Mbuke. Lakini haikuwa ile sauti yake.

"Unaongea na Waziri. Usiogope."

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Leo nakuletea habari njema." Alitupa jicho kwenye skrini akachagua iliyong'aa zaidi. "Natazama hapa damu ya kundi O hasi. Adimu hiyo! Ipo Kilimani, hapo ng'ambo yenu tu. Je, kwenu hapo kuna mgonjwa anayeihitaji?"

Ukumbi ulitabasamu, ukangoja.

"Alikuwepo," alisema Sista Mbuke.

"Alikuwepo?"

"Alikuwepo, Mheshimiwa. Tausi Mwandambo. Tumehangaika naye tangu asubuhi. Ametutoka sasa hivi, hata macho sijamfumba. Mtoto yupo, wa kike."

Waziri aliziba simu kwa kiganja, akamtazama Profesa. Profesa akakohoa, akasogea, akamnong'oneza sikioni. Waziri akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mwanafunzi anayekaririshwa, kisha akarudi kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "mfumo umeulizwa damu iko wapi, na mfumo umesema kweli. Damu ipo! Pale pale ulipoonyesha! Mfumo haujakosea. Mgonjwa ndiye aliyewahi mno."

Zumari likalia. Makofi yalipigwa mpaka vumbi likadondoka darini, na akina mama wa Idara wakapiga vigelegele vya duru ya pili kama walivyopangiwa. Pazia lilifunguka, akatoka mwanamke mwenye khanga mabegani, asiyemtazama yeyote. Mheshimiwa alidhani amekuja kupongezwa akamnyooshea mkono. Sikitu alipita kando ya mkono huo, akateremka ngazi, akaenda getini, akachukua simu yake kwenye kikapu. Sudi alikuwa amempigia na kupiga. Aliyaangalia majina yale yote ya Sudi kwenye kioo, kisha akaanza kukimbia kuelekea Bondeni, katikati ya barabara ambayo bado ilikuwa imefungwa.

Walimzika Tausi kesho yake. Sultana alikuwa amekwenda fungate, kwa hiyo mfumo ulizimwa wa nje na wa ndani, skrini zikafunikwa tena, na mashine ya Sikitu ikarudishwa kwenye mafagio. Profesa alikuwa ametoa neno lake, na neno lake analo mpaka leo, hajalitumia.

Siku ya tatu ya matanga ujumbe wa Serikali ulifika. Profesa Ndarugo mbele, nyuma yake wapiga picha, nyuma yao mpiga zumari, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia asije. Sikitu aliwakuta kizingitini. Alikuwa amemshika mtoto begani, macho yamevimba, sauti imekauka.

"Pole, binti yangu," alisema Profesa. "Taifa linalia na wewe. Tena Mheshimiwa ana heshima kubwa anawaletea. Mtoto huyu ni wa kwanza kuzaliwa chini ya mfumo mpya. Ameagiza aitwe Sultana, apigwe picha akiwa na skrini, na awekwe kwenye mabango."

Waombolezaji waligeuka. Sudi alianza kuinuka kutoka kwenye mkeka, na wanaume wawili wakamshika. Sikitu hakupaza sauti.

"Profesa," alisema, "mmekuja kumtaka mtoto wetu?"

"Kwa jina tu."

"Mmetuma washenga?"

Profesa akakohoa, lakini hakukuwa na neno nyuma ya kikohozi.

"Hamkutuma," alisema Sikitu. "Basi simameni hapo uani. Tutaulizia kwanza ukoo wenu. Tutataka kujua kama kwenu kuna maradhi, kama kuna wauaji, kama mna kifafa. Tutawatembelea mashangazi zenu mmoja mmoja. Na mjomba wangu yuko safarini, hatuwezi kumruka. Mtangoja."

Na walingoja! Hawakuwa na la kufanya, maana mila ni mila, na aliyeivunja katika nchi ile hata wanawe hawasalimiwi. Walisimama uani juani na makoti yao, wapiga picha wakaketi juu ya masanduku yao, mpiga zumari akasinzia. Kuna wanaosema waliondoka gizani. Wengine wanasema wako palepale, na kuku wamezoea kulala juu yao. Mjomba, kwa taarifa yako, hakuwahi kuwepo.

Sikitu aliingia ndani akafunga mlango, akakaa sakafuni, akalia kilio alichokuwa amekishikilia tangu nyuma ya pazia. Alilia kwa uchungu na kwa hasira, na zaidi alilia kwa sababu mkono wake ulikuwa juu ya ile mashine asubuhi nzima na haukufunua kitu. Mtoto naye akalia, kwa sababu zake. Alikuwa amelowa.

Kitambaa kikavu hakikuwepo karibu, ila ile khanga ya harusi. Sikitu aliichana vipande kwa meno. Kipande cha kwanza kilikuwa na lile neno MAENDELEO, na ndicho kilichomfaa mtoto, kwa ukubwa wake. Kilikaa vizuri mpaka magharibi.

Mambo ya nchi ile ndiyo hayo, nami nimeyaacha hukohuko yalikotokea. Ukiyakuta njiani kwenu, sikuyaleta mimi.